Kinyota Hakijui Maana

Mwanafunzi wangu mmoja alinijia machozi yakimlengalenga. Alikuwa na sura mbili za tasnifu, sura1 na sura2, akitaka kuzinakili katika folda nyingine. Katika mfumo wa Unix akaandika cp sura*, akasahau kutaja zinakopelekwa. Sura ya pili ikapotea.

Tarakilishi haikukosea. Kinyota husimamia herufi zozote, hata pasipokuwa na herufi. Alama ya kuuliza husimamia moja tu. Kabla ya amri kutekelezwa, kinyota huwa kimekwisha kugeuzwa majina yote yanayolingana nacho. Hivyo cp ilipokea agizo hili: nakili sura1 juu ya sura2. Ikatii.

Sisi wanaisimu hatushangai. Ukiandika m*, utazoa mtu, mti, na hata maji, pasi na kujali ngeli. Mashine huona umbo. Maana ni mzigo wetu.

Basi, walimu na wanafunzi wenzangu, tuanze na ls sura* tuone kilichonaswa. Kisha tunakili kwa cp -i, itakayotuuliza kabla ya kufuta faili iliyopo. Wahenga walinena: kuuliza si ujinga.