Santuri za mkono kwa mkono (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tuliuacha muziki wa panki wa Uingereza mwaka 1977, umeshika moto na tayari umeanza kujirudia: gitaa lile lile, hasira ile ile. Waliofuata ndio wanaoitwa posti-panki. Hao waliitoa besi nyuma wakaiweka mbele, wakaazima mwangwi wa muziki wa dabu kwa Wajamaika, na gitaa wakaliachia kazi ya kukwaruza. Lakini leo sitakaa sana kwenye sauti. Tuangalie jalada.

Mwaka 1978 Scritti Politti, vijana waliojikalia bila kibali katika nyumba moja ya London, walitoa santuri ndogo iitwayo “Skank Bloc Bologna”. Kwenye jalada walichapa hesabu zao: studio imekula kiasi gani, kiwanda kiasi gani, zile karatasi za duara za katikati kiasi gani. Mfanyabiashara gani humwonyesha mteja risiti zake? Ila hawa hawakuwa wakimtafuta mteja tu. Walikuwa wakimwambia msikilizaji: nawe unaweza. The Desperate Bicycles walishatangulia mwaka 1977 kwa santuri iliyowagharimu paundi 153, nao wakawahimiza wengine wafanye vivyo hivyo. Kabla yao wote walikuwapo Buzzcocks wa Manchester, waliokopa kama paundi 500 kwa ndugu na marafiki, na Januari 1977 wakatoa nakala 1,000 za “Spiral Scratch”. Mwishowe ziliuzwa zipatazo 16,000.

Siri yenyewe haikuwa kubwa. Sauti iliyo kwenye utepe huchongwa kuwa mfereji mwembamba juu ya sahani laini. Kutokana na sahani hiyo hutengenezwa kalibu ya chuma. Kisha kalibu hufyatua santuri kwa plastiki ya moto, kama mtu afyatuavyo matofali. Viwanda vilikubali hata oda ya nakala mia chache. Kilichokuwa kimewatisha watu ni kudhani kwamba mlango umefungwa.

Kufyatua ni jambo moja, kuuza ni jingine. Hapo ndipo lilipoingia duka la Rough Trade, alilolifungua Geoff Travis magharibi mwa London mwaka 1976. Miaka miwili baadaye duka likawa pia kampuni ya santuri, na faida likagawana na wanamuziki nusu kwa nusu. Kisha kulikuwa na redio. John Peel wa BBC Radio 1 alipiga usiku kile ambacho mchana kisingepigwa, na vijana wakakaa na kaseti tayari, kidole juu ya kitufe cha kurekodi. The Fall peke yao walimrekodia vipindi 24. Peel huyo huyo baadaye alizipiga sana nyimbo za Bhundu Boys wa Zimbabwe, naye hakuona ajabu yoyote.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote, hata hivyo, ni cha The Raincoats, kundi la wanawake wa London. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1979, ikasifiwa na wachache, ikapotea madukani. Mwaka 1992 Kurt Cobain wa Nirvana, wakati huo mmoja wa wanamuziki mashuhuri duniani, alifika London akiitafuta. Dukani Rough Trade hawakuwa nayo, lakini walimwelekeza kwenye duka la vitu vya kale alikokuwa akifanya kazi Ana da Silva, mwimbaji na mpiga gitaa wa kundi hilo. Naye baadaye akamtumia nakala kwa posta. Cobain aliandika habari hiyo kwenye maelezo ya albamu ya Nirvana, na mwaka 1993 santuri za The Raincoats zikatolewa upya. Wauzaji wangapi leo wanajua mwanamuziki waliyemsahau watu anafanya kazi mtaa gani?

Siku hizi kazi hiyo ya kumwelekeza msikilizaji imeshikwa na simu. Molchat Doma, watatu kutoka Minsk, walitoa “Etazhi” mwaka 2018. Mwaka 2020 wimbo wao “Sudno” ukasambaa TikTok hata kwa vijana wasiojua neno la Kirusi. Sina ugomvi na njia hiyo. Miongoni mwa makundi ya siku hizi, Fontaines D.C. wa Dublin na Dry Cleaning wa London nao wanastahili sikio, ingawa wapo wengine wengi wanaoiga koti refu la kundi la posti-panki la Joy Division na kusahau besi yake.

Anayetaka kuanza, achukue “Entertainment!” ya Gang of Four, “Cut” ya The Slits na “Colossal Youth” ya Young Marble Giants. Ila nakusihi, msomaji, usizisikilize kwa spika ya simu. Kwenye muziki huu besi ndiyo inayoongoza, na simu haina besi.

Itaendelea wiki ijayo.