Mfagia Dohani wa Kitale

Mnamo mwaka 1789 mshairi Mwingereza William Blake alitoa kitabu chake cha nyimbo za utoto. Ndani yake mna mtoto mfagia dohani aliyefiwa na mama, kisha akauzwa na babaye angali hajaweza kutamka vyema. Kazi yake ilimlazimu kunadi barabarani kwa neno la kufagia. Lakini ulimi wake mchanga uliidondosha herufi s ya mwanzo, na neno lililobaki, kwa Kiingereza, maana yake ni kulia. Sisi wanaisimu tumejaza vitabu tukieleza jinsi watoto wanavyorahisisha konsonanti zinazofuatana. Blake aliligeuza jambo hilo kuwa mashtaka.

Mwaka 1788 Bunge la Uingereza lilikuwa limekwisha kukataza watoto wa chini ya miaka minane wasichukuliwe kwa kazi hiyo. Sheria haikutiiwa. Wavulana waliendelea kupanda dohani hadi miaka ya 1870.

Wanafunzi wetu hulisoma shairi hili kama habari za watu wa mbali. Hebu na wapite kituo cha magari cha Kitale jioni, katika mji uliozungukwa na mashamba ya mahindi. Watamkuta mvulana wa njugu akinadi kwenye madirisha ya matatu, sauti bado nyembamba. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilimlinda katika maandishi, na ile ya 2022 iliyochukua nafasi yake inamlinda vivyo hivyo.

Tuteremke hadi Bungoma. Kwa Wabukusu, utoto una majira yake ya kuagwa: Agosti ya mwaka wa namba shufwa. Kijana huzunguka na njuga kuwaalika jamaa. Alfajiri hupakwa matope mtoni, akarejeshwa nyumbani kwa wimbo wa Sioyaye. Uchungu upo, wala hatakiwi kupepesa jicho. Sidai kuwa mila hii haina lawama, ila wajomba na majirani wamesimama pale. Yule wa njugu anavuka peke yake, mara nyingi kabla ya umri wa jando, na hapana wa kumwimbia.

Mwaka 1794 Blake alimrejesha mfagia dohani katika nyimbo za walioonja dunia. Ndoto ya malaika haimo tena. Mtoto anaulizwa walipo wazazi wake, naye anajibu kwamba wamekwenda kanisani kusali.

Nimewahi kumwuliza mvulana mmoja wa Kitale swali hilo hilo. Alinitazama kidogo, akataka kujua kama nanunua.