Daktari, kwa Mwaka Mmoja Nitatoa Pepa Ngapi?

Muhula mpya ukikaribia, wanafunzi wa udaktari huanza kugonga mlango wangu. Wanataka kuahirisha masomo mwaka mmoja waje kufanya utafiti. Karibuni. Ila kabla hawajakaa vizuri kwenye kiti, swali ni lile lile: "Daktari, kwa mwaka mmoja nitatoa pepa ngapi?"

Haulizi tunachunguza ugonjwa gani. Haulizi kama atafundishwa kazi au atabandika lebo kwenye vichupa miezi kumi na miwili. Anauliza idadi, kama mtu anayeagiza mayai kwa trei.

Najua lilikoanzia. Marekani, tangu Januari 2022, sehemu ya kwanza ya mtihani wa leseni ya udaktari haitoi tena alama za kuwapanga watu. Ni kufaulu au kufeli, basi. Waombaji wa nafasi za ubingwa wakakimbilia kitu kingine kinachohesabika, yaani utafiti. Takwimu za huko zikaonyesha kuwa waliopata nafasi za upasuaji wa ubongo walikuwa na kazi zaidi ya 20 kila mmoja, kwa wastani. Video zikatengenezwa, zikasambaa mpaka kwenye hosteli zetu. Kisichosemwa humo ni kwamba hesabu ile inachanganya makala, mihtasari na mawasilisho ya kwenye mikutano. Utafiti mmoja ukiwasilishwa kwa bango Chicago, muhtasari wake ukachapwa, kisha ikatoka makala kamili, umekwisha hesabiwa mara tatu. Sasa wewe unayetaka MMed ya watoto hapa hapa nchini, hesabu ya wapasua ubongo wa Marekani inakuhusu nini?

Lakini hofu ikishaingia, muuza dawa hakawii. Yumo WhatsApp na yumo kwenye baruapepe: "Chapisha ndani ya saa 72." "Nafasi ya mwandishi wa tatu ipo, lipia leo." Na kuna vijana werevu, wanaoweza kukutajia mishipa yote ya mkono wakiwa usingizini, wanaoamini kuwa hiyo ndiyo njia ya kuuokoa mwaka wao. Kwamba jarida ni jarida, na jina likishachapwa limechapwa.

Mwaka 2013 John Bohannon aliandika katika jarida la Science jinsi alivyowategea mtego wachapishaji wa namna hii. Alitunga utafiti wa uongo kuhusu molekuli ya kuvumwani, ule ukoga unaoota kwenye magome ya miti, iliyodaiwa kuzuia seli za saratani. Makosa aliyapanda waziwazi. Dawa iliyeyushwa kwa pombe nyingi, lakini seli za kulinganishia hazikupewa pombe hiyo. Kwa hiyo hata seli zingekufa zote, usingejua zimeuawa na dawa au na pombe. Kosa hilo mwanafunzi wa mwaka wa pili analiona. Aliyapelekea majarida 304 utafiti huo kwa matoleo yaliyotofautiana kidogo tu. Majarida 157 yaliukubali.

Sehemu inayonichoma ni nyingine. Mmoja wa waandishi aliowabuni alimwita Ocorrafoo Cobange, akampa kazi katika Wassee Institute of Medicine, mjini Asmara. Mtu hayupo, taasisi haipo. Bohannon alieleza mwenyewe kwa nini alichagua majina na taasisi za nchi zinazoendelea: mhariri akitafuta kwenye intaneti asikute kitu, hatashtuka sana. Soma tena sentensi hiyo, wewe unayelipia saa 72. Kwa wenzetu huko, utafiti wa Mwafrika usioeleweka umetoka wapi si jambo la kushangaza, nawe unataka kuwaongezea ushahidi kwa fedha yako.

Mtu ataniambia: mbona hata majarida makubwa yanatoza? Ndiyo, PLOS ONE hutoza zaidi ya dola 2,000. Lakini PLOS ONE nalo liliwekewa mtego huo, na ndilo lililohoji masuala ya maadili katika ile kazi, kisha likaikataa. Kutoza si dalili ya ugonjwa. Dalili ni kutoza bila kuuliza swali. Wala jina kubwa halikukingi: mwaka 2023 kampuni ya Wiley ilifuta zaidi ya makala 8,000 kutoka majarida ya Hindawi iliyokuwa imeyanunua. Makala ikifutwa, jina la mwandishi linabaki pale, na neno la kufutwa limeandikwa juu yake. Huwezi kuliondoa kwa kuomba radhi.

Na kununua nafasi ya jina kwenye kazi usiyoifanya ni wizi, sitatafuta neno laini. Mwandishi ni aliyechangia kazi kwa maana, akashiriki kuandika au kusahihisha, akaridhia toleo la mwisho, na yuko tayari kuijibia. Ukiulizwa kwenye usaili kwa nini sampuli zilikuwa chache, utajibu nini? Kwamba ulilipa kwa M-Pesa?

Mwaka mmoja ni mfupi. Ukianza na wazo lako jipya, kibali cha maadili peke yake kitakula miezi, vitendanishi vitakaa bandarini, na kama ni malaria, unaweza kuanza kukusanya damu msimu wake umekwisha na wagonjwa wamepungua. Wahakiki wa jarida makini nao wana miezi yao.

Kwa hiyo, haraka haraka. Ingia kwenye mradi wenye kibali tayari, au wenye takwimu zilizokwisha kukusanywa zinazosubiri mchambuzi. Ifakara, NIMR, KCMC, Kilifi kwa walio Kenya: kwenye taasisi zote za huko kuna miradi inayoendelea, andika uombe. Onana na msimamizi na uonane pia na waliowahi kusimamiwa naye. Kukubaliana nani ataandika nini na jina litakaa wapi ni kazi ya wiki ya kwanza, kwa maandishi. Jifunze R au Stata, jifunze kusoma slaidi, jifunze kuomba ridhaa ya mgonjwa kwa Kiswahili anachokielewa. Ukiahirisha, ahirisha kabla ya mizunguko ya wodini, siyo katikati yake. Kwa maoni yangu wengi wangengoja wamalize intanshipu: ukiwa na leseni unaajiriwa kama daktari wa mradi na unalipwa. Ukiwa bado mwanafunzi, kumbuka kuwa aliyeahirisha hajasajiliwa, na asiyesajiliwa hasaini bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, basi ulizia posho na bima kabla ya kufunga begi, na barua ya kuahirisha ipitie kwa mkuu wa kitivo, ijibiwe kwa maandishi na nakala ifike Bodi ya Mikopo.