Gari fupi la zamani halitaki kuinuliwa

Kwa Kinyarwanda, Gikundamvura ni kitu kinachopenda mvua, na aliyelitoa jina hilo bila shaka alikuwa amekaa hapa msimu mzima. Kuanzia Machi hadi Mei, udongo mweusi wa bonde la Bugarama hunywa maji, ukavimba na kung'ang'ania tairi. Huku mlimani njia ni nyembamba na zenye utelezi, na kila baada ya mvua kubwa korongo jipya huwa limekata katikati. Lori halipandi. Pikipiki hupanda, lakini hubeba gunia moja au mawili, na dereva akianguka mchele wako umeanguka naye. Kati ya lori na pikipiki kuna pengo, na wanaoliziba ni wenye vigari vifupi vya zamani vya 4x4.

Mimi ni mmoja wao. Nina Suzuki Samurai ya mwaka 1989, usukani kushoto, milango miwili, rangi ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Nakusanya mchele, muhogo na ndizi kwa wakulima na kuwashushia wafanyabiashara barabara kuu. Hapo awali safari zangu nyingi ziliishia Ruhwa, kwenye mpaka wa Burundi. Burundi ilipofunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, njia hiyo ikakatika, nikabaki na mlima, Bugarama na Kamembe. Mwenye gari kubwa aliliuza. Mimi langu lilinibakiza kazini kwa sababu halili mafuta mengi na lina mahali pa kwenda hata mpaka ukifungwa.

Wasomaji wengi wameniuliza kama wanunue la namna hii. Nawajibu nunueni, kwa sharti moja ambalo nililijifunza kwa kukaribia kuua mtu.

Kwanza tulijue gari lenyewe. Suzuki ilianza kutengeneza vigari hivi Japani mwaka 1970. SJ410 yenye injini ya sentimita za ujazo 970 ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha mwaka 1984 ikafuata SJ413 yenye 1,324 na gia tano, ambayo wengi tunaiita Samurai. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni sentimita 203 tu. Ndiyo maana tumbo lake halikwami juu ya tuta, na hugeuka mahali ambapo gari refu lingerudi nyuma mara tatu. Chesisi ni ngazi ya chuma, springi ni vyuma bapa vilivyopangwa moja juu ya kingine, na tupu halifiki tani moja. Likikwama, watu wanne wanalinyanyua. Vitara ya milango miwili, iliyoanza mwaka 1988, ni ndugu yake aliyenenepa: nayo ina chesisi na gia ya chini. RAV4 fupi ya mwaka 1994 hupendwa kwa ulaini wake, lakini haina gia ya chini, na kwenye mteremko wa utelezi utaitamani gia hiyo kuliko kiti kizuri.

Hispania, katika mji wa Linares, kampuni ya Santana iliunda Samurai nyingi zenye usukani wa kushoto, na hizo ndizo zinazotufaa sisi wa Rwanda, Burundi na Kongo tunaoendesha upande wa kulia. Ndugu zetu wa Kenya wanaijua zaidi Maruti, yaani Gypsy iliyotengenezwa India kuanzia mwaka 1985. Hiyo ni ndefu kidogo, usukani kulia, lakini vipuri vyake vingi vinaingia kwenye Samurai. Mwenye rafiki anayekwenda Nairobi asisahau hilo.

Sasa kosa langu. Niliona picha za magari yaliyoinuliwa, na kijana mmoja mwenye mashine ya kuchomelea akaniambia kazi ni ya siku mbili. Alihamisha springi kutoka chini ya ekseli akaziweka juu yake. Gari likapanda zaidi ya sentimita 12. Nikalivika tairi kubwa. Watoto walipiga makofi. Nilivuka makorongo bila hata kuyatazama, na kwa wiki tatu nilijiona nimekuwa mwerevu kuliko waliolitengeneza.

Wiki ya nne nilikuwa nateremka na magunia sita ya mchele, mawili yakiwa kwenye keria juu ya paa. Kando yangu aliketi mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa umri wa mama yangu mzazi, ameshika mkobani fedha za kikundi chake cha akiba. Kwenye kona nilikanyaga breki. Tairi kubwa zilikuwa zimezidi nguvu ya breki, gari likachelewa, nikakata usukani, na nikahisi upande wangu unaondoka ardhini. Halikupinduka. Lilianguka kwa ubavu kwenye ukingo wa mlima na kuegemea pale, magurudumu mawili yakizunguka hewani. Upande wa pili wa njia hiyo kulikuwa na bonde. Mama hakupiga kelele. Alitoka kupitia upande wangu, akahesabu fedha zake, akaniuliza, “Mwanangu, gari hili ulilinunua hivi au umelifanya hivi?” Nilipomwambia nimelifanya, alisema pole, akateremka kwa miguu hadi chini.

Hakuna fumbo katika jambo hilo. Samurai ni nyembamba. Uzito ukipanda juu na upana ukabaki uleule, kona inakuwa shilingi iliyosimama kwa ukingo. Marekani walibishana kuhusu gari hili miaka mingi: mwaka 1988 jarida la Consumer Reports lilitangaza kwamba halikubaliki kwa sababu ya kupinduka, Suzuki ikalishitaki mwaka 1996, na kesi ikamalizwa kwa maelewano mwaka 2004. Sitaamua nani alikuwa na haki. Nakumbusha tu kwamba walilipima likiwa na kimo cha kiwandani, na bila gunia la mchele kichwani.

Baada ya siku ile nilikwenda kwa fundi mzee wa Bugarama ambaye nilikuwa nimemkwepa kwa sababu ana maneno mengi. Aliangalia kazi ya yule kijana akanionyesha nisichokijua. Mipira ya breki ilikuwa imevutwa hadi mwisho. Ule mkono unaounganisha usukani na magurudumu ulikuwa umelala vibaya, ndiyo maana kila shimo liligeuza usukani lenyewe. Shafti ya nyuma ilikuwa ikitafuna misalaba yake. Alirudisha springi chini na kuongeza chuma bapa kimoja tu kila upande wa nyuma, kwa ajili ya mzigo. Tairi tukarudisha saizi ya kiwandani, 205/70 R15, zenye meno ya matope. Kwenye udongo mweusi tairi nyembamba hukata hadi chini na kupata pa kushika. Pana huelea juu ya uji.

Marekebisho ninayoyaamini leo ni madogo na hayapigiwi makofi. Mojawapo ni bamba la chuma chini ya giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Jingine ni kirefusho cha mpira wa pumzi ya difu. Difu huwa ya moto; ukiingia mtoni inapoa ghafla, inavuta hewa, na kama tundu lake la pumzi limezama inavuta maji. Ukiona oili ya difu imekuwa rangi ya chai ya maziwa, imwage leo, usingoje Jumamosi. Na sakafu ya nyuma niliwekewa vyuma vya kufungia kamba, ili gunia lilale chini na lisitembee. Keria ya paa niliiuza.

Kuhusu kutunza, anza na kutu. Matope yetu hujificha ndani ya chesisi na pale springi zinaposhikiliwa. Kila baada ya safari za mvua nalala chini na mpira wa maji kabla sijaosha hata kioo. Anayenunua achukue nyundo ndogo agonge chesisi nzima na ainue mazulia; chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Angalia pia vile viungo vya mviringo vya gurudumu la mbele. Sili zake zikichoka, oili ya ekseli huchanganyika na grisi, ikavujia ndani ya gurudumu, na hapo breki na beringi ziko mashakani pamoja. Mkanda wa taimingi ubadilishe ukifika kilomita 100,000, na kama huijui historia ya gari, badilisha siku uliyonunua. Radieta nayo isafishwe: bonde liko chini kuliko sehemu zote za Rwanda na lina joto, kisha ukienda Kamembe unapanda mfululizo ukiwa na mzigo. Injini ndogo haina akiba ya kuvumilia feni mbovu.

Hizo 4x4 zenyewe zinataka adabu. Kwenye Samurai nyingi lazima ushuke ufunge hab za mbele kwa mkono kabla ya kuingiza kijiti. Fanya hivyo kabla ya matope, siyo ukiwa umezama. Kwenye lami toa, maana mbele na nyuma hazizunguki sawasawa kwenye kona na vyuma vitapigana. Na mteremko shuka kwa gia ya chini, namba moja, mguu mbali na breki.

Vipuri vina tatizo la lugha ambalo jumuiya yetu haijalitatua. Fundi wa Bugarama akikutuma ununue amortisere, muuzaji wa Dar es Salaam anaijua kama shokapu. Kinyarwanda breki ni feri na tairi ni ipine. Nimewahi kuagiza kwa simu nikaletewa kitu kingine kabisa, na mimi na muuzaji tuliamini tunasema Kiswahili kimoja. Siku hizi nabeba kipuri chenyewe, kikiwa kimefungwa kwenye gazeti, au natuma picha yenye rula kando yake.

Mpakani lugha hutatiza tena, kwa kadi za njano. Kuna ile ya Rwanda inayoitwa karite jone, ambayo ni hati ya kuonyesha gari ni la nani. Kuna Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya madhara kwa watu wengine ukiwa nchi ya kigeni. Mpango huo ulianza mwaka 1987, na Kongo na Burundi zimo. Halafu kuna ya chanjo ya homa ya manjano. Afisa akisema tu “kadi ya njano”, muulize kwa heshima anataka ipi. Na uliyebadilisha injini, hakikisha namba mpya imeandikwa kwenye hati kabla hujafika Kamanyola. Injini isiyolingana na karatasi inafanana sana na injini ya wizi.

Kwa mzigo nina hesabu yangu. Magunia manne ya kilo 50, mimi, na abiria mmoja. Wapo wanaobeba manane na wanaona nachezea pesa. Kweli, kwa kila safari wananishinda. Lakini mimi sibadilishi beringi kila mwezi, na sijalala tena kwenye ukingo.

Yule mama alikaa karibu mwaka mzima akitumia pikipiki. Mwezi uliopita mvua ilimkuta Gikundamvura na magunia matatu, pikipiki zote zikiwa zimekataa. Alinikuta kwa fundi. Hakunisalimia mimi kwanza, alilizunguka gari, akainama kutazama springi, akapima kwa mkono kutoka ardhini hadi mlangoni. Akamuuliza yule mzee, siyo mimi, kama limerudi lilivyozaliwa. Mzee akajibu ndiyo, mama, ila chuma kimoja nyuma. Akauliza hicho chuma ni cha nini, akaelezwa. Ndipo akapanda, akaweka mkoba mapajani, akashika mshikio ulio mbele yake kwa mikono miwili, na hakuuachia hadi tulipofika lami.