Je, Wajua? Mpango wa Biashara Huuzwa Saiba

Je, wajua kwamba Kenya, anayesomea ufundi bomba husoma pia ujasiriamali, sawa na anayesomea upishi au ushonaji? Somo hilo liliingizwa katika vyuo vya ufundi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chini ya mitihani ya Baraza la Kitaifa la Mitihani la Kenya (KNEC), mtahiniwa huandika mpango kamili wa biashara: mtaji, soko, washindani, faida ya mwaka wa kwanza. Nao hutiwa alama. Basi saiba, yaani vibanda vya intaneti, zikanusa soko. Unanunua mpango uliokwisha kuandikwa, unabadilisha jina la duka na la mtaa, unachapisha, unapeleka. Mwenye saiba huenda hajawahi kuketi katika darasa hilo, lakini anamjua mteja wake, tena anajua tarehe ya mwisho ya kukusanya kazi. Mimi ningempa A.

Je, wajua kwamba Dandora, mtaa wa Nairobi, ilianza kama hesabu ya biashara? Mwaka 1975 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Kenya fedha za kuandaa ploti kama 6,000. Mwenye ploti hakukabidhiwa nyumba. Alipata ardhi yenye maji, bomba la majitaka, choo na bafu; vyumba ajijengee. Wengi walisimamisha kimoja au viwili, wakaingiza wapangaji, kodi ikanunua mawe ya chumba kilichofuata. Mtu aliyekuwa kibarua mchana akawa landilodi jioni, bila mwalimu wa kumweleza mzunguko wa fedha ni nini. Ukiona leo ghorofa zilizobanana Fezi Foo, awamu ya nne ya mtaa huo, kumbuka zilivyoanza: choo, bafu na ploti tupu.

Je, wajua kwamba chuo kikuu cha Harvard, Marekani, kilianza kufundisha kozi ya kuanzisha biashara mwaka 1947? Mwalimu alikuwa Myles Mace, na wanafunzi 188 walijiandikisha.

Je, wajua kwamba ripoti kuhusu Kenya ndiyo iliyolivumisha duniani wazo la "sekta isiyo rasmi"? Mwanaanthropolojia Keith Hart alilitoa mwaka 1971 akizungumzia Ghana. Mwaka uliofuata Shirika la Kazi Duniani likalitumia katika ripoti yake juu ya ajira nchini Kenya. Mafundi wa Kenya wenyewe walikuwa na jina tamu zaidi, jua kali, na mwaka 1992 serikali ikaliweka katika kichwa cha waraka wake wa sera.

Je, wajua Mustard Seed? Ni ua la pamoja huko Dandora, wenyeji wanaliita korti. Lilikuwa limejaa takataka. Vijana wakalisafisha, wakapanda miti, kisha wakazipitia nyumba wakiomba mchango wa kila mwezi wa usafi na ulinzi. Baadaye wakaongeza kuosha magari. Walipoanza kudai pesa, kila mlipaji alikuwa tayari ameiona bidhaa kutoka mlangoni mwake.