Ilizama au Ilizamishwa? Madai ya Marubani katika Ziwa Tanganyika, 1916

Kwa mtafiti anayekusanya masimulizi ya Vita Kuu ya Kwanza huko Rumonge na kwingineko katika ufuo wa Burundi, kitenzi kimoja chaweza kupotosha historia. Meli ya Wajerumani, Graf von Goetzen, ilizama. Lakini ilizamishwa na nani? Mnamo Juni 1916 ndege za Wabelgiji zenye kuelea majini ziliishambulia Kigoma, na dai la kuipiga meli hiyo likaingia katika maandishi. Hata hivyo, Julai mwaka huohuo Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuipaka mitambo yake grisi ili ije ifae tena. Iliopolewa mwaka 1924, ikarejea kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Dai la rubani, basi, ni ushahidi wa alichoamini kukiona kutoka angani. Sharti lipimwe kwa kumbukumbu za adui, na inapowezekana kwa chuma chenyewe.

Orodha za vifo nazo zina mtego wake. Rubani Aimé Behaeghe alifariki Niemba, Desemba 1916, kwa maradhi. Anayeandika kwamba “alifia vitani” hakosei kisarufi, ila msomaji atadhani aliangushwa.