MATUMIZI YA MTANDAO KATIKA KUANDAA SOMO

Mwalimu wa shule ya msingi hawezi kudumu katika kazi yake kwa kutegemea yale tu aliyoyapata chuoni. Jambo hili lilitambuliwa zamani. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, maelfu ya walimu waliohitajika kwa ajili ya Elimu ya Msingi kwa Wote walifunzwa hukohuko vijijini, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo imepokewa na mtandao wa intaneti. Hata vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baadaye. Basi swali lililo mbele ya mwanachuo ni hili: aende wapi mtandaoni, na akifika achukue nini?

Mahali pa kuanzia

Hapana budi kuanza na Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa kuwa ndiyo yenye kuandaa mitaala. Maktaba Mtandao yake ina vitabu vya kiada na viongozi vya mwalimu. Jambo hili lina uzito zaidi tangu Januari 2024, mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika kwa awamu. Andalio lililofuata muhtasari wa zamani huweza kuwa zuri kwa sura na lisifae kwa darasa. Taasisi hiyo pia ina mfumo wa kujifunzia mtandaoni kwa ajili ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA.

Mahali pa kuongezea

(a) TESSA, mradi ulioanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya elimu ya ualimu Afrika. Masomo yake yamo pia katika Kiswahili, na huonyesha mifano ya walimu darasani pamoja na shughuli za kujaribu.

(b) African Storybook, mradi wa Afrika ya Kusini uliofunguliwa mwaka 2014. Hutoa hadithi za watoto bila malipo, zikiwa zimepangwa kwa ngazi za usomaji. Nyingi zimo katika Kiswahili.

(c) Ubongo Kids, vipindi vya Kitanzania vilivyoanza mwaka 2014, ambavyo hufundisha hisabati na sayansi kwa hadithi na nyimbo.

Hatari ya kunakili

Tuchukue mfano wa somo la majira ya mwaka. Maandalio mengi yatokayo Ulaya hutaja majira manne, theluji, na miti inayopukutisha majani kwa sababu ya baridi. Mtoto wa Miyuji ataweza kukariri hayo yote bila kuelewa lolote. Hata andalio lililotungwa pwani ya Tanzania, lenye vuli na masika, halimfai sawasawa. Kwani hapa Dodoma mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki ni kiangazi.

Je, andalio hilo litupwe? La. Wazo la kuuchunguza mti mmoja kwa mwaka mzima ni zuri. Mwalimu na auchague mbuyu, ambao hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kisha awaulize watoto kwa nini. Watagundua kwamba hapa kinachouvua mti majani ni ukame, wala si theluji. Kutoka hapo watazungumzia upandaji wa mtama, uwele na karanga, mambo wanayoyaona nyumbani. Wazo limetoka mbali, lakini somo limekuwa lao.

Utaratibu tunaoupendekeza

1. Kabla ya kufungua simu, soma muhtasari na uandike umahiri mahususi unaokusudiwa. Asiyejua anachotafuta humaliza bando bila kupata kitu.

2. Soma kiongozi cha mwalimu, ndipo utafute mahali pengine.

3. Chukua jambo moja au mawili tu: swali, mchoro, mchezo au wimbo.

4. Libadili lilingane na lugha, umri na mazingira ya watoto wako.

5. Pakua mapema, kisha nakili yaliyo muhimu katika bango au ubaoni. Somo lisitegemee umeme wala mtandao wa saa ile ile.

6. Baada ya kufundisha, andika tathmini: watoto wangapi walielewa, na wapi walikwama. Ipeleke kwa walimu wenzako katika jumuiya ya ujifunzaji ya shule.

Hatua hii ya sita ndiyo inayoachwa mara nyingi, nayo ndiyo inayomkuza mwalimu. Tovuti haiwezi kumwambia kwamba watoto wa dawati la nyuma hawakufahamu maana ya neno fulani. Hilo ataliona yeye peke yake. Kwa hiyo mwanachuo akienda kwenye mazoezi ya kufundisha, atumie mtandao kama atumiavyo kabati la zana: achague kifaa kinachofaa kwa kazi ya siku hiyo, na vingine aviache mahali pake.